Nia ya kiongozi vitani hupimwa kwa kilomita

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mwandishi wa safu yenu alituambia kwamba kuchungulia moyo wa kiongozi anayeingia vitani ni kupoteza wakati. Vita, alisema, ama vina haki ama havina, na kilichomsukuma mkubwa ni kati yake na Mungu wake. Nusu ya maneno hayo nayakubali. Nusu nyingine naikataa, na ajabu ni kwamba mifano yake yote ameifuata Ulaya na Mashariki ya Kati huku vita vya Kagera vikimtazama.

Mimi ni mwalimu wa historia mkoani Kagera. Wanafunzi hukariri sababu za vita vile kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukipita zinapita nazo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Mpaka wa halali ni ule mstari wa digrii moja kusini ya ikweta, walioupiga Waingereza na Wajerumani wakiwa mbali na hapa. Amin aliona mto unampendeza zaidi. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Raia waliouawa hukadiriwa kufika 1,500, na maelfu kwa maelfu walikimbia makwao. Wazee wa huku watakueleza walichokikuta waliporudi: nyumba zimebaki kuta, mabati yameezuliwa, milango imebebwa pamoja na fremu zake, zizini hakuna hata ndama. Kiwanda cha sukari kilikombwa. Magofu ya kanisa la Kyaka yapo hadi leo, asiyeamini aje ayaone.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Kwamba alikuwa na kinyongo na Amin hakuna asiyejua. Tangu Amin ampindue Rais Milton Obote Januari 1971 Mwalimu alikataa kuitambua serikali mpya ya Kampala, akamkaribisha Obote Dar es Salaam, na Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutokea ardhi yetu, wakapigwa vibaya. Mtu angeweza kusema basi, alikuwa anasubiri kisingizio tu. Haya, na tuseme alikuwa anasubiri. Mama aliyelala porini na wanawe huku nyumba yake ikiezuliwa, je, alipaswa kwanza kuhakikishiwa kwamba rais wake hana chuki binafsi ndipo akubali jeshi limrudishe kwake? Hapo mwandishi wenu yuko sahihi kabisa. Aliyevamiwa ana haki ya kumtoa mvamizi, hata kama anayemwongoza ana visasi vyake vya zamani.

Hata mahakama hufanya hivyo. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilitoa hukumu katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda. Wengi walitaraji majaji watamke kwamba Uganda iliingia Kongo mwaka 1998 ikifuata dhahabu. Hawakutamka hivyo. Walisema hawana ushahidi wa kuaminika kwamba jeshi lilipelekwa kwa ajili hiyo. Pamoja na hayo waliamua kwamba Uganda imevunja sheria kwa kutumia nguvu ndani ya nchi ya watu, na kwamba inawajibika kwa uporaji wa madini uliofanywa na askari wake. Februari 2022 mahakama hiyohiyo ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Kwa hiyo mtu anaweza kuhukumiwa kwa alichofanya bila moyo wake kupasuliwa.

Lakini hukumu ile ina jambo jingine ambalo ningependa mwandishi wenu alisome taratibu. Uganda ilijitetea kwamba ilikuwa inajilinda dhidi ya waasi wanaovuka mpaka. Majaji wakasema kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuonekani kulingana na mashambulizi yale ya mpakani. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyoingia Kongo yakiwa marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe siku sita katikati ya mji wa Kisangani, na wenyeji wakafa kwa mamia. Mpaka gani uliokuwa unalindwa Kisangani?

Hapo ndipo nia inapopata kazi. Haituambii kama raia anayo haki ya kujitetea. Inatuambia jeshi litasimama wapi na litamweka nani likishafika. Kiongozi anayetaka shamba lake tu husimama kwenye uzio wa shamba. Mwenye shabaha nyingine huendelea, na kila kijiji anachokiteka kinampa sababu ya kuteka cha mbele yake.

Turudi kwetu. Januari 1979 ardhi yetu ilikuwa imeshakombolewa na wanajeshi wetu walikuwa wameishika Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda. Nia iliyotangazwa Novemba ilikuwa kumpiga, kumng'oa hakukutajwa. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na kila moja ilihitaji maelezo mapya. Sehemu ya maelezo hayo ilikuwa ya kweli: Amin hakuwa ameacha kupigana, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataa kumlaani, na Gaddafi wa Libya alikuwa analeta askari wa kumsaidia. Masaka, iliyotekwa Februari, ilibomolewa na askari wetu kulipiza ya Kagera, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule vinalipita haraka sana. Mwalimu alieleza kwamba vita ni viwili, chetu cha kumtoa mvamizi na cha Waganda cha kumtoa dikteta. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, na watu wakacheza barabarani. Hawakuuliza nia ya mtu, na mimi siwalaumu.

Walianza kuuliza baadaye. Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais wa Uganda Aprili 13, na tarehe 20 Juni akaondolewa, kisha akapelekwa Dar es Salaam na kuzuiliwa huko kwa muda. Binaisa aliyemfuata hakumaliza mwaka. Mei 1980 Obote akarudi, Desemba ukafanyika uchaguzi uliomrudisha madarakani, ambao wapinzani walidai umeibwa, wakati huo wote wanajeshi wetu wakiwa bado Uganda. Februari 1981 Museveni aliingia msituni kuipiga serikali hiyo, na watu wa Luwero, eneo vita hivyo vilipopiganwa, wakalipia kwa roho zao kwa miaka mitano.

Je, Mwalimu alikwenda Kampala ili amrudishe rafiki yake? Sidhani kwamba ilikuwa hivyo moja kwa moja. Kwenye mkutano wa Moshi wa Machi 1979, ambako Waganda walio uhamishoni waliunda chama chao cha pamoja, Obote aliwekwa kando, na Mwalimu alihusika katika kumshawishi asiende. Mtu asiyejali angemleta siku ya kwanza. Lakini ukisoma yaliyofuata hadi Desemba 1980 unaona pia kwamba mlango wa Obote haukuwahi kufungwa kwa komeo. Nia mbili zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja mwadilifu, na Waganda waliishi na zote mbili. Mwandishi wenu akisema hilo ni kati ya mtu na Mungu wake, aende akawaambie Luwero.

Na sisi tuliobaki nyumbani tulilipa pia. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Miezi 18 ilipopita mkanda haukulegezwa. Tulipanga foleni ya sukari, sabuni na unga miaka kadhaa baadaye. Si vita peke yake vilivyotufikisha pale, mafuta yalipanda bei na sera zetu zilikuwa na matatizo yake, lakini gharama ya kwenda Kampala na kukaa huko hadi 1981 imo katika hesabu. Anayelipa ana haki ya kujua analipia safari ya kuishia wapi.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwa chumba chenu cha habari. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema waasi hao wanasaidiwa na Rwanda. Kigali inakana, inasema inalinda mpaka wake dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Goma imeshikana na mpaka, na msemaji anaweza kulitumia neno "mpaka" pale bila kucheka. Machi mwaka huohuo waasi wakaingia Walikale, ndani kabisa, jirani na migodi ya bati, wakakaa wiki kama mbili kabla ya kuondoka. Magazeti yetu yalinukuu taarifa za pande zote kwa uangalifu mkubwa. Sikuona hata moja lililochapisha ramani yenye umbali wa Walikale kutoka mpakani.

Mwalimu wa historia,
Bukoba