Dizeli ya Texas

Kaka Mudi,

Uliniuliza kama kweli huku lori zinagoma kuwaka kwa baridi au ni porojo za watu wa majuu. Siyo porojo aisee. Unakumbuka Makambako mwezi wa saba, utingo kajifunika turubai anatetemeka? Basi ile cha mtoto. Hapa Fargo, North Dakota, juzi ilikuwa minasi 29.

Kosa langu mwenyewe, nilijaza matenki yote mawili Texas, dizeli ya kule ni ya nchi ya joto, haijachanganywa na ile nyepesi inayokaribiana na mafuta ya taa, nikapanda nayo mpaka huku nikalala zangu. Asubuhi napiga stata, betri zote nne zinavuta kwa taabu kama mzee anapanda ngazi, ikashika, nikasema alhamdulillah, dakika tano tu ikaanza kukohoa, kimya. Nafungua filta, we acha, imejaa mauji meupe kama mafuta ya nazi yaliyoganda kwenye chupa. Ni nta, inatoka humohumo kwenye dizeli. Na dawa ya kuzuia nilikuwa nayo chini ya kiti! Ila hiyo unaitia kabla, ikishaganda umechelewa. Fundi kaja na filta mpya na dawa nyingine ya kuyeyusha, masaa matatu, hela sikutajii.

Huku lori unaanza kuliwasha usiku bwana. Kuna hita kwenye bloku inapasha maji ya injini, waya wake umetokeza kwenye bampa, unachomeka kwenye umeme kama birika la chai. Si unajua dizeli haina plagi za cheche, inawashwa na joto la hewa iliyobanwa, sasa chuma kikiwa cha baridi hivi kinalimeza joto lote. Asubuhi unafungua swichi, unasubiri taa ya hita nyingine, ile ya kupasha hewa inayoingia kwenye injini, izime ndo unapiga stata. Ikishika usipige resi kwa mbwembwe zako zile, oili bado nzito, turbo itazunguka kavu bila oili. Dakika tano mpaka kumi, halafu ondoka mdogomdogo, maana ikisimama tu geji ya joto haipandi hata ungoje mpaka adhuhuri.

Na mitungi ya upepo wa breki namwaga maji kila jioni, yakiganda mule breki hazifunguki.

Saa hizi saa nne usiku, nimevaa majaketi mawili natoka kuchomeka waya. Wasalimie kijiweni.

Wako,
Side