Poleni Santa: Salamu za Sikukuu kwa Wenzangu wa Kulalamika

Ndugu zangu,

Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yangu.

Aliyefundishwa kuandika barua shuleni anaijua sentensi hiyo kama anavyolijua jina lake. Tuliikariri, tukaiandika kwa kalamu zinazovuja, na hakuna aliyejiuliza huo upeo wa macho ni kitu gani. Leo nimeirudisha makusudi. Wengi wenu katika kundi letu hili la simu, la kulalamikiana, sijawahi kuwaona. Sauti zenu nazijua, picha nazijua, hasira zenu za asubuhi nazijua mno, ila nikikutana nanyi njiani nitapita bila kuamkia. Na bado hofu na mashaka ninayo kweli. Sentensi ya zamani imepata kazi mpya.

Nilikuwa na njia ya mkato. Hadi jana nilikuwa nimepokea kadi moja ileile mara nne: mshumaa unawaka, theluji inadondoka, maandishi ya dhahabu, na pembeni kile kimshale kinachokwambia kwamba salamu hii imepita mikono mingi kabla ya wako. Mmoja wa walionitumia alisahau kufuta jina la aliyemtumia yeye, kwa hiyo nimebarikiwa mimi na uzao wangu wote na Mama fulani nisiyemfahamu. Nikajibu amina. Baraka haikataliwi.

Nilitaka kukasirika, nikakumbuka kwamba uvivu huu ni mkongwe kuliko simu. Mwaka 1843 Mwingereza mmoja, Henry Cole, alijikuta na rundo la barua za sikukuu zinazosubiri majibu. Miaka mitatu nyuma, 1840, Uingereza ilikuwa imefanya kutuma barua kuwe rahisi kwa mtu wa kawaida, na Cole mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo. Yaani mafuriko aliyaleta mwenyewe, kisha akatafuta mtumbwi. Alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja, zikachapwa nakala 1,000, juu nafasi ya jina la mpokeaji, chini nafasi ya jina la mtumaji. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa. Babu wa mshumaa wangu, basi. Lakini Cole alilazimika walau kushika kalamu na kuandika jina la mtu.

Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu nao ulikuwa salamu za sikukuu. Desemba 3, 1992, mhandisi wa miaka 22, Neil Papworth, aliandika maneno mawili, "Merry Christmas", akayatuma kwa Richard Jarvis wa Vodafone. Aliyaandika kwenye kompyuta, maana simu zenyewe hazikuwa na namna ya kuandikia. Jarvis akayapokea, na hakujibu. Angejibuje? Simu yake ilikuwa ya kupokea tu. Dada yetu unayehesabu dakika tangu tiki zigeuke bluu, hilo nakuachia ulale nalo: ujumbe wa kwanza kabisa ulisomwa, na mtu akanyamaza.

Sasa nije kwenye kero yangu ya mwaka, ambayo nyote mnaijua, ila nataka ibaki kwenye maandishi.

Simu yangu haijui Kiswahili na haitaki kukiri. Ingenyamaza tu ningeisamehe, lakini inasahihisha. Nikiandika "kama" inaweka "karma". Nikiandika "hapo" inaweka "happy", hata pale ambapo hapo penyewe hapana furaha yoyote. Mwanzoni mwa mwezi huu mmoja wetu alifiwa na shangazi yake aliyemlea. Habari ilinikuta nimesimama, nikaandika harakaharaka, moyo ukiwa mzito kweli: "Poleni sana, tuko pamoja." Kilichokwenda ni "Poleni Santa, tuko pamoja."

Niligundua tiki zikiwa zimeshageuka bluu. Nikafuta. Na kufuta mnakujua kulivyo, hakuondoi kitu, kunajenga tu kaburi juu yake: "Ujumbe huu umefutwa". Dakika hiyohiyo watu sita wakauliza umefuta nini. Nilitamani simu inimeze. Mfiwa mwenyewe ndiye aliyeniokoa. Akaandika, "Mimi nimeuona. Shangazi angecheka sana." Akatulia kidogo, kisha, "Angecheka santa."

Tangu siku ile hakuna tena "asante sana" hapa kwetu. Mgeni akiingia atadhani tumechanganyikiwa.

Kero ya saa nayo haijapata dawa. Sisi tunaanza kuhesabu saa kunapokucha, simu inaanza katikati ya usiku, na kati yetu na simu kuna tofauti ya sita ambayo mtoto mdogo anaijumlisha bila shida, mradi asiwe na usingizi. Kaka yetu alikuwa na usaili wa kazi saa mbili asubuhi. Akapanga kengele, akabonyeza mbili, akalala kwa amani. Simu ikamwamsha saa nane usiku kwa uaminifu wote. Alikwisha kuoga na kuvaa tai ndipo akajiuliza mbona kuku hawawiki. Saa nane na nusu usiku tulisoma maneno yake: "Niko tayari, dunia haiko tayari." Usaili aliufaulu, tusisahau hilo.

Mengine nayapitia juu juu. Waya wa chaji unaopitisha umeme ukikunjwa kwa pembe moja tu, ambayo ukiipata hupaswi hata kupumua. Soksi zinazoingia kufuliwa mbili na kutoka moja. Bwana Nipo-Njiani, ambaye tunajua alipo kwa sababu maji ya bafuni yanasikika nyuma ya sauti yake. Ujumbe wa sauti wa dakika saba ambao jambo lenyewe limo katika sekunde kumi za mwisho, zilizotangulia zote ni kukohoa na "sasa nilikuwa nasema nini". Dada, nakupenda, lakini mwakani tuandikie.

Ila huyu wa "Mambo" siwezi kumpita juu juu. Anaandika "Mambo." Unajibu "Poa." Anaandika "Nambie." Wewe ndiye uliyeanza, nikwambie nini tena? Unaandika "Safi tu, za kwako?" Anajibu "Safi." Kisha kimya. Saa tatu baadaye inatokea "anaandika...", inapotea, inatokea tena, inapotea. Wewe huku umeacha kazi unawaza: kafiwa? anataka mkopo? nimemkosea? Kesho yake anakuja na "Mambo" nyingine, kama vile jana haikuwepo. Nimefikiri sana kuhusu mtu huyu mwaka huu, na nimeanza kumhurumia. Nadhani kuna siku analo jambo, analizungusha mlangoni, anakosa pa kuliingizia. Salamu zetu ni ndefu na zina ngazi nyingi, na mwenye mzigo anaweza kuchoka kabla hajafika juu.

Hapo ndipo namkumbuka mwenzetu wa vifuniko.

Mnajua ninayemsema. Mwezi wa tano alinyamaza. Kwa nini alinyamaza ni lake, wanaojua wanajua. Tulimwandikia, tukaona tiki moja, mbili, bluu, bila neno. Tukamtumia aya za maandiko. Tukamtumia "tupo nawe" zenye mioyo ya kila rangi, na mmoja wetu, ambaye anajijua, akamtumia sauti ya dakika kumi na moja. Kimya. Ukaisha wa sita, ukaisha wa saba. Nilikuwa nimeshaanza kulizoea pengo lake, jambo ambalo naona aibu kulikiri.

Halafu asubuhi moja, bila hodi wala salamu, akaandika: "Hivi ni kwa nini vifuniko havilingani na vyombo, wakati vyote vilikuja ndani ya boksi moja?"

Nilikaa chini. Najua wengine pia mlikaa chini, mlinisimulia baadaye. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Ndani ya saa moja kabati zote zilikuwa wazi na picha zinamiminika: vifuniko vilivyopinda, vifuniko visivyo na mwenyewe, kimoja ambacho hadi leo hatujakubaliana kama ni kifuniko au sahani ya chini ya chungu cha maua. Yeye akawa anajibu moja baada ya nyingine, kwa ukali uleule wa zamani. Jioni akaandika, "Haya, nimechoka, kesho." Ile "kesho" niliisoma mara tatu.

Msimu kama huu tunaambiwa tuhesabu baraka, tuache kunung'unika. Mimi nahesabu, na ninazo. Lakini nimegundua jambo moja kuhusu manung'uniko yetu haya: hayasambaziki. Huwezi kupokea lalamiko la vifuniko kutoka kwa Mama fulani ukalipeleka kwa watu arobaini. Hakuna kadi ya dhahabu ya waya wa chaji. Kila kero iliyoingia hapa mwaka huu aliyeileta aliiandika mwenyewe kwa vidole vyake, ikiwa na makosa yake, kwa sababu asubuhi ile jambo dogo lilimuudhi na akataka mtu ajue. Furaha kubwa na msiba mkubwa vina maneno yake tayari, unayakuta yameshachapwa. Kifuniko hakina. Na mtu anayeweza kukasirishwa na kifuniko, maji yamemshuka kutoka shingoni hadi walau magotini.

Kwa hiyo nikiwasoma siku hizi za sikukuu mkikesha na kero zenu, nafurahi. Anayenitia wasiwasi ni yule anayetuma mshumaa, kisha anazima simu. Najua kwa baadhi yenu msimu huu una kiti kitupu, na kila salamu ya "wewe na familia yako yote" inakanyaga kidonda hichohicho. Msijibu kama hamna nguvu. Hata Jarvis hakujibu. Ila siku jambo dogo likiwaudhi, lileteni mbio, hata kama ni usiku wa manane, hata bila "Mambo".

Kuhusu muda wa salamu, tumesambaa, kwa hiyo mwaka mpya hautatukuta sote kwa pamoja. Kisiwa cha Kiritimati huko Kiribati huupokea saa 14 kabla ya saa ya dunia (UTC, ile inayotumika kupimia saa za nchi zote), na ukitoka hapo huzunguka kwa saa 26 hadi sehemu ya mwisho kuuona. Kwa hiyo atakayenipa heri za mwaka mpya wakati kwangu bado ni jana, nitamwelewa. Na aliyechelewesha za Krismasi asijitetee: Waorthodoksi wa Urusi na Serbia na Wakristo wa Ethiopia husherehekea Januari 7, bado ana nafasi. Bwana Nipo-Njiani, wewe nakupa habari ambayo nitaijutia. Mwaka 2011 nchi ya Samoa iliiruka Desemba 30 nzima, watu wakalala Alhamisi na kuamka Jumamosi, ili siku zao za kazi ziende sawa na za Australia na New Zealand. Ijumaa ile haikuwepo. Najua tayari unapanga kuitumia.

Basi, Krismasi njema kwa wanaoisherehekea, mapumziko mema kwa wasioisherehekea, na heri ya mwaka mpya kwa wote. Mwenye waya, Mungu akupe mpya. Mwenye soksi, subiri, nasikia zinarudi. Wewe wa vifuniko, kile chombo cha bluu nimekipatia kifuniko kinachokaribia kulingana, nitakutumia picha kesho tubishane. Na wewe uliyemzika shangazi mwezi huu, salamu hizi nimeziandika nikikufikiria wewe kwanza.

Nimezipitia mara mbili kabla ya kutuma. Simu imejaribu kusahihisha mara kumi na saba, nimeikatalia zote isipokuwa moja.

Nawapenda santa.