Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Kisumu

Wanachama wenzangu, wazazi na walezi,

Shughuli za kawaida za chama chetu, chama cha watu ambao ngozi zao huumizwa na mwanga wa jua, mnazijua, sitawachosha. Tulikutana mara 4. Tulitembelea shule 3, Kisumu na Ahero, kuwaombea watoto wetu ruhusa ya kuvaa kofia na mikono mirefu wakiwa uwanjani. Muuguzi alikuja kutueleza dawa zinazofanya ngozi ichomwe na jua upesi, mojawapo doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ambayo wengi tunaimeza bila kuuliza. Katibu ameandika yote. Tunamshukuru.

Sasa nije kwa jambo ambalo limesemwa pembeni mwaka mzima: madirisha, na pesa tulizotumia kuyabandika.

Ni kweli kamati ilitoa Sh46,500 kwenye akiba ili vioo vya ukumbi tunaokodi vibandikwe karatasi ya kuzuia miale. Ni kweli pia kwamba mimi ndiye niliyesukuma uamuzi huo, na sijutii. Kumbukeni mkutano wa Machi. Mzee wetu mmoja mwenye ukurutu sugu wa jua aliketi kando ya dirisha kutoka saa 8 hadi saa 10 mchana, akidhani kwamba kwa kuwa yuko ndani yuko salama. Kesho yake nilimfuata nyumbani Nyalenda. Shavu la upande wa dirisha lilikuwa jekundu, limevimba, linatoa majimaji. Chini ya kidevu na nyuma ya sikio, mahali mwanga haukufika, ngozi ilikuwa safi kabisa. Niliyaona kwa macho yangu.

Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana kwa macho) aina ya B, ile inayobabua, lakini aina ya A hupita. Na sisi tuko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Miale hiyo ni mikali Januari hadi Desemba, hata siku ya mawingu.

Wengine walisema fundi wa tinti za magari angetuwekea nyeusi kwa Sh15,000. Ndugu zangu, giza si kinga. Tinti inaweza kupoza macho huku miale ya A ikiendelea kupenya. Tulinunua ile iliyopimwa, na fundi aliyeibandika si jamaa yangu.

Kuhusu madirisha 2 ya rangi ya asali, ambayo mnasema yameharibu sura ya ukumbi: tuna mtoto mwenye ugonjwa uitwao porfiria. Yeye huumizwa na mwanga huu wa kawaida tunaouona, hasa ule wa zambarau, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 410. Karatasi isiyo na rangi haimsaidii, wala losheni ya kawaida ya jua. Anapolia kwamba mikono inaungua, mara nyingi huoni hata kipele. Tafadhali tusiseme anadeka. Pale penye rangi ya asali ndipo anapoketi, na sitayabandua madirisha yale nikiwa mwenyekiti.

Ada. Tuko wanachama 58, kila mmoja Sh1,200 kwa mwaka. Waliomaliza ni 21, waliolipa nusu ni 9, na 28 hawajatoa hata shilingi. Jumla Sh30,600, na kodi ya ukumbi peke yake ni Sh24,000. Fundi alipobaki akidai Sh5,000 nililipa kutoka mfukoni mwangu na sijaidai kamati.

Mahudhurio yananiumiza zaidi. Mlisema mkutano wa mchana unawapitisha juani, nikausogeza hadi saa 1 usiku, jua likiwa limezama. Septemba tulikuwa watu 11. Sasa naambiwa boda boda ya usiku ni ghali. Naelewa wa Maseno na Ahero, lakini wa Kondele? Na wasiokuja ndio wanaopiga simu kuuliza pesa zilikwenda wapi.

Mwaka ujao tunatumaini kununua losheni kwa bei ya jumla, kuwatafutia kipimo cha vitamini D wale wanaoshinda ndani kila siku, na Mungu akijalia, kumpata daktari wa ngozi wa kuja kutuona mara kwa mara. Mazungumzo yanaendelea.

Risiti zote ziko kwa mweka hazina, pamoja na kipande cha karatasi ya madirisha kilichobaki. Anayetaka kuviona aje mkutanoni, saa 1 usiku.

Mwenyekiti