Mizani ya Toad Lane

Rochdale, Oktoba 2024

Kabula mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Rochdale, Uingereza. Sisi huku hatujambo. Baridi imeshaanza, ila Mama bado anakwenda sokoni kwa miguu yake na anakusalimu sana. Nimefurahi mno kusikia Babu karuhusiwa kutoka hospitali na sasa anadai ugali, uji hautaki tena. Mpe pole zangu, na umwambie nina ombi kwake. Nitalieleza huko chini.

Uliniuliza kama mji wetu umebadilika. Umebadilika sana, hasa pale katikati. Unakikumbuka kituo cha mabasi cha zamani, karibu na lile jengo refu jeusi la halmashauri, tulipokuwa tunagandia kila jioni kusubiri basi la nyumbani? Vyote viwili vilibomolewa mwaka 2014. Mwaka huohuo tramu ya Manchester ikaanza kufika katikati ya mji. Halafu wakaufunua mto. Mto Roch ulikuwa unapita chini ya miguu yetu miaka yote ile, na sisi tulidhani unaishia huko pembeni tulikokuwa tunauona. Kuanzia mwaka 1904 walianza kuufunika kwa zege, kipande baada ya kipande, ili barabara ya tramu ipate nafasi. Mwaka 2016 wakaondoa zege sehemu ya katikati, na chini yake likatokeza daraja la mawe la karne nyingi zilizopita, limesimama vizuri kabisa. Sababu mojawapo ya kuufunua ilikuwa kupunguza mafuriko, na kweli Desemba 2015, kazi ikiwa haijaisha, maji yaliingia madukani. Siku hizi watu wanaegemea ukutani mchana wanakula sandwichi zao na kutazama maji. Mji uliofukia mto wake kwa miaka mia moja na kisha ukaamua kuutoa tena, mimi nauheshimu.

Ngazi za kanisa la St Chad bado zipo 122. Nimepanda tena mwezi uliopita na watoto wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi (sasa wamekuwa wengi, wa Kitanzania, Wakenya na Wakongo), nao wakabishana idadi kama tulivyokuwa tunabishana sisi. Nikawasimulia ile hadithi ya vibwengo: kwamba kanisa lilikusudiwa kujengwa kule chini karibu na mto, lakini kila usiku vibwengo vilihamisha mawe na mbao kuvipeleka kilimani, mpaka watu wakakubali yaishe na kujenga huko juu. Mdogo wako Masanja alikuwa hapandi zile ngazi bila kushikwa mkono kwa sababu ya hadithi hiyo. Mtoto mmoja wa Kikongo akaniambia vibwengo vya kwao vina kazi za maana zaidi kuliko kubeba mawe. Tulicheka hadi juu.

Hiyo ilikuwa Septemba, wakati wa zile siku za urithi ambapo majengo ya kale kote Uingereza hufunguliwa bure. Jumba la Mji ndilo nililotaka walione kwanza, maana lilikuwa limefungwa kwa matengenezo na likafunguliwa tena Machi mwaka huu. Kabula, hutaamini macho yako. Sisi tulilijua likiwa limefifia, dari imekuwa kahawia kwa masizi. Sasa wameisafisha, na zile rangi nyekundu, kijani na dhahabu zimerudi. Malaika waliochongwa kwenye boriti za Ukumbi Mkuu sasa nyuso zao zinaonekana. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1871, na gharama yake ilifika karibu pauni 160,000, mara nyingi zaidi ya fedha iliyopangwa mwanzoni. Mnara wake wa kwanza, wenye ncha ya mbao, ukaungua mwaka 1883, ndiyo maana huu wa sasa ni wa mawe. Pale nje wamesimamisha sanamu ya Gracie Fields, yule mwimbaji aliyezaliwa hapa mwaka 1898 juu ya duka la chipsi na samaki la bibi yake.

Ni jumba zuri, nalipenda. Lakini ni jumba la wenye viwanda, lilijengwa ili kila anayefika ajue kwamba pamba na sufu vimewatajirisha. Kilichoifanya Rochdale ijulikane hadi Magu kwenu Usukuma na Kibosho kwetu Kilimanjaro ni chumba kimoja cha chini pale Toad Lane, namba 31, lilikoanzia duka la ushirika. Tulipita mbele yake mara ngapi tukienda kununua peremende! Na hakuna mtu mzima aliyetusimamisha akatuambia, nyinyi wawili, huyu wa pamba na huyu wa kahawa, ingieni humu, kuna habari zinazowahusu.

Basi nimeingia na watoto, nikakaa humo kuliko nilivyopanga. Mwaka 1844 chumba kile kilikuwa sehemu ya ghala, na watu 28 hivi, wengi wao wafumaji na mafundi wa mikono, walikipanga kwa pauni 10 kwa mwaka. Walikuwa maskini hasa. Kila mwanachama alitakiwa kutoa pauni 1, na wakaichanga kwa peni mbili, baadaye peni tatu, kila wiki. Jioni ya tarehe 21 Desemba wakafungua mlango. Bidhaa zilikuwa chache hata aibu: siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga wa ngano, gunia moja la unga wa oti (oats) na mishumaa kidogo. Vijana wa viwandani walisimama nje wakizomea. Duka lilifunguliwa jioni mbili tu kwa wiki.

Kwa nini wajisumbue? Kwa sababu ya mizani. Maduka ya wakati ule yaliwapunja maskini waziwazi: unga ulichanganywa na chaki, majani ya chai yaliyokwishatumika yalikaushwa yakauzwa upya, na ratili haikuwa ratili. Mfumaji alikuwa na deni dukani, kwa hiyo hakuwa na mdomo wa kulalamika. Wale waanzilishi waliamua kuuza chakula safi, kwa uzito kamili, kwa fedha taslimu, na faida ikirudishwa kwa wanunuzi kulingana na manunuzi yao. Kila mwanachama kura moja, awe na hisa moja au hamsini. Mwaka 1846 mwanamke aitwaye Eliza Brierley akaingia uanachama kwa jina lake mwenyewe. Kumbuka kwamba sheria ya Uingereza wakati huo ilihesabu mali ya mke kuwa ya mumewe.

Katika chumba hicho wamepanga mambo kama yalivyokuwa: mbao imelazwa juu ya mapipa ndiyo kaunta, na juu yake kuna mizani ya sahani mbili. Nilimwomba mtoto mmoja aitazame vizuri aniambie anaona nini. Akainama hadi macho yakawa sawa na sahani, akasema, "Upande wa mnunuzi na upande wa muuzaji, wote wanaona." Ana miaka tisa. Nikamwambia hapo ndipo penyewe.

Ndipo nikamkumbuka Babu. Ile likizo uliyonipeleka Magu, alitusimulia jioni, ameketi kwenye kigoda, jinsi walivyokuwa wakibeba pamba kichwani hadi kituo cha kununulia, na mnunuzi akiisogeza mizani kwa kidole gumba, au akisoma namba kwa haraka na kuliondoa furushi kabla hujapepesa macho. Mkulima hajui kusoma, akipewa chochote anashukuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kuhakiki uzito vituoni, wakiongozwa na kina Paul Bomani, na kutokana na hapo vikazaliwa vyama vya msingi, kisha mwaka 1955 ule muungano mkubwa wa Victoria Federation. Huku kwetu Kilimanjaro KNCU, ule muungano wa ushirika wa wakulima wa kahawa, ilikuwa imekwishaandikishwa tangu 1933, mwaka mmoja baada ya sheria ya ushirika ya Tanganyika, na babu yangu wa Kibosho aliiuzia kahawa maisha yake yote. Kanuni zilizokuwa kwenye vitabu vya vyama hivyo, uanachama wazi, kura moja moja, gawio, elimu kwa wanachama, zilitoka kwenye chumba kile cha Toad Lane. Lakini shida iliyowasukuma wakulima wa Magu haikutoka Rochdale. Waliijua wenyewe, kwa migongo yao. Ndiyo maana nakataa mtu anaposema ushirika tuliletewa. Watu wa pande mbili waliibiwa kwa kifaa kilekile, wakapata jibu moja.

Najua utaniambia ya baadaye: viongozi waliokula fedha za wanachama, Serikali kuvunja vyama mwaka 1976 na kuvirudisha 1982, wakulima kukopwa mazao na kuzungushwa malipo. Wewe unayekaa na AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kila msimu unayajua kuliko mimi. Sikuandikii kuwasifu watu wa kale kana kwamba walimaliza kazi. Nakuandikia kwa sababu nataka watoto hawa waijue kazi yenyewe ni ipi.

Wiki iliyofuata tuliwapandisha Rooley Moor, ile barabara ya mawe inayopotelea mlimani, tuliyokuwa tunapelekwa na shule na mvua ikitupiga usoni. Mawe bado yamepangwa vizuri, ila katikati yamelika mifereji miwili kwa magurudumu ya mikokoteni. Wenyeji wanaiita Barabara ya Njaa ya Pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, manowari za Kaskazini zilifunga bandari za Kusini, pamba iliyolimwa na watumwa ikaacha kufika, na viwanda vya huku kwetu Lancashire vikasimama. Maelfu wakakosa kazi. Baadhi yao wakapewa kazi ya kujenga barabara ili wapate posho, nayo hii ni mojawapo. Watu waliozoea kushika nyuzi laini walipewa sururu.

Na pamoja na njaa hiyo, wafanyakazi wengi wa huku walisimama upande wa Rais Lincoln wa Kaskazini. Si wote, lakini wengi. John Bright, mzaliwa wa Rochdale na mtoto wa mwenye kiwanda, alizunguka akihutubia dhidi ya utumwa na dhidi ya kuisaidia Kusini. Lincoln alipouawa, mfukoni mwake walikuta kipande cha gazeti chenye maneno ya Bright ya kumuunga mkono. Mwaka 1863 Wamarekani wa Kaskazini walituma meli ya George Griswold ikiwa na mapipa ya unga kwa wenye njaa wa Lancashire, na pipa moja limehifadhiwa hapa Rochdale hadi leo.

Njaa ile iliwafundisha wenye viwanda wasitegemee pamba ya nchi moja. Wakaitafuta Misri, wakaitafuta India, na mwaka 1902 wakaunda chama chao Manchester cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni. Uganda ikaanza kuwaletea, na Waingereza walipoichukua Tanganyika, Usukuma nao ukahimizwa kulima kwa wingi. Kwa hiyo furushi alilobeba Babu kichwani lilikuwa na safari ndefu mbele yake, na pengine liliishia kwenye mashine za jirani zetu. Niliwaeleza watoto tukiwa tumekaa juu ya mawe yale tunakula maandazi aliyotupikia Mama, na mji wote ukionekana chini, maghorofa saba yale ya College Bank yakiwa yamesimama palepale.

Sasa ombi langu. Nataka umrekodi Babu, kwa simu tu, aelezee kituo cha pamba: mizani ilikuwa na umbo gani, nani alisoma namba, waliandika wapi, siku ya kwanza mtu wao aliposimama kando ya mnunuzi hali ilikuwaje. Aongee Kisukuma akitaka, wewe utafsiri kwa Kiswahili pembeni. Usimkatize akitoka nje ya mada, maana Babu akitoka nje ya mada ndipo anaposema mazuri. Nami nitamhoji shangazi yangu wa Kibosho juu ya kahawa. Nataka nikiwapeleka tena watoto Toad Lane wasimame mbele ya ile mizani na wamsikie Babu kwa sauti yake.

Tarehe 21 Desemba mwaka huu duka lile litatimiza miaka 180. Ikiwezekana nitumie kabla ya hapo, hata kama ni dakika kumi. Na kama msimu wa pamba ukikuruhusu mwakani, njoo na Masanja na watoto wenu mwezi wa Septemba. Vitanda vipo, na Hollingworth Lake bado wanauza aiskrimu hata kukiwa na upepo wa kukata masikio. Nijulishe mapema tu, maana viza siku hizi ni safari ya peke yake, na barua ya mwaliko nitaiandika mara moja.

Msalimie mumeo, wabusu watoto, na Babu mwambie asimalize ugali wote.

Rafiki yako,
Neema