Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano: simu nimemaliza kulipa, mbona bado imefungwa?

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salamu kutoka Kenyatta Market. Labda umewahi kuja huku kula nyama choma Jumapili ukapita pale kwa vibanda vya kusuka ukasikia tunaitana na wateja, auntie kusuka, kuja nikusuke vizuri. Mimi ni mmoja wa hao. Nimesuka hapa mwaka wa kumi na moja sasa, na hii barua si ya nywele, ni ya simu.

Si simu ya wizi na si ya magendo. Niliichukua kwa duka lenye bango kubwa, kwa ule mpango wa kulipa kidogo kidogo kila siku, nikalipa mpaka shilingi ya mwisho, na bado imefungwa. Ndio hiyo tu. Lakini wacha nikueleze vile ilienda, ju nikiachia hapo utafikiri ni mama fulani ameshindwa na deni anatafuta huruma.

Depositi nilitoa 2,500. Halafu 65 kila siku kwa siku 365. Yule kijana wa kuuza aliniambia mathe hii ni pesa ya chai, na ni kweli ni ya chai, ni vile tu chai nikiikosa siku mbili hainifungii kazi. Jumla hakuniandikia mahali. Nilikuja kupiga hesabu baadaye na hiyo simu yenyewe nikapata 26,225, na simu ya aina hiyo hiyo Luthuli Avenue ilikuwa inauzwa 16,999 ukienda na keshi. Hapo silii sana. Najua mwenye kukopesha lazima ale, na mimi 16,999 kwa mkupuo ningeitoa wapi, hiyo ni karo ya mwanangu Kevo. Simu ya WhatsApp nilikuwa naihitaji kama kitana, ju siku hizi mteja haji na maneno, anakuja na picha, anakuambia nataka hivi, na ukikosa mahali pa kutumiwa hiyo picha anaenda kibanda cha pili.

Mara ya kwanza kufungiwa nilikuwa Mwingi kwa matanga. Huko netiweki inakuja na kuenda, na wewe jua hali ya matanga, nani anakumbuka 65 ya siku wakati watu wanatafuta turubai na viti. Siku ya 300 asubuhi nashika simu naona imekuwa nyeusi imeandikwa lipa deni lako uendelee kutumia. Deni lilikuwa siku mbili, 130 bob. Na pesa nilikuwa nazo! Ziko M-Pesa, na M-Pesa iko ndani ya simu imefungwa, na simu inaniambia nilipe. Nilikaa kwa hiyo stuli nikacheka peke yangu mpaka shemeji akaniuliza kama niko sawa. Ikabidi nitoe hereni, nichokoe kale kadirisha ka laini na ile ncha, nitoe laini niingize kwa kabambe ya mama mkwe, ile simu ndogo ya batani, ndio nikalipa. Kabambe ya miaka mingi haina hata kioo, imefungwa na raba bendi, ndio iliniokoa.

Siku hiyo nilikuwa nimeshalipa 21,870. Kumbuka hiyo namba, nitarudi kwayo.

Sasa ya pili. Nimemaliza siku 365, nikatuma 65 ya mwisho, meseji ya M-Pesa ikaingia, nikawanunulia wasichana wa kibanda soda. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne tuko watatu kwa kichwa kimoja, mteja ana harusi ya dada yake Jumamosi, ametuma picha ya mistari inayotoka kwa paji la uso inapinda kushoto kama S halafu inarudi nyuma ya sikio, na katikati kuna vimistari vidogo vidogo viwili viwili. Simu tumeiegemeza kwa kioo kila mtu anaangalia upande wake. Tumefika kwa pindo la S, mimi upande huu nimeshaanza kupindisha, mwenzangu kule nyuma bado anahesabu, skrini ikazima. Lipa deni lako uendelee kutumia. Mteja anaona kwa kioo. Watu wa vibanda vya jirani wanaona. Picha yeye alikuwa ameifuta kwa simu yake kuokoa nafasi, kwa hivyo ile S tuliimalizia kwa kichwa, na mteja akaangalia akanyamaza, akalipa, akasema asante Mama Kevo kwa ile sauti. Hajarudi.

Nikapiga kastama kea. Muziki, subiri, muziki. Msichana mpole kabisa, simlaumu, akaniambia pesa imeonekana lakini sistimu haijasoma, nipe masaa 48, na kwa sasa nakupatia kodi, yaani namba za siri, ya kufungua kwa masaa 24. Hiyo kodi nimeipewa mara sita sasa. Yaani ni simu yangu lakini naiomba ruhusa kila asubuhi kama mtoto wa bodingi anaomba kutoka geti.

Nikaenda ofisini kwao tauni. Nimebeba meseji zote za M-Pesa nimeziandika kwa kitabu cha shule cha Kevo, tarehe na namba ya kila malipo, 365 na ile ya depositi. Kijana wa pale hakukifungua. Aliangalia kompyuta akatabasamu akaniambia mathe wewe ni mteja mzuri sana umeshakwalifai kupandisha simu. Nikamuuliza kupandisha nini. Akasema unaturudishia hii tunaihesabu 5,000, unaongeza kidogo, unachukua kubwa zaidi yenye kamera tatu, 110 kwa siku. Na hii yangu iliyofungwa? Akasema ukichukua mpya hiyo shida inaisha.

Nilitembea kutoka hapo mpaka steji bila kuona barabara. Nimeenda kutolewa kufuli, naonyeshwa kufuli kubwa zaidi! Hata kama kijana hakuwa na nia mbaya, labda anapewa kamisheni na yeye ana rent, lakini angalia vile hiyo biashara imekaa. Mwenye kuuza simu mpya ndiye mwenye ufunguo wa ile ya zamani, sasa haraka ya kufungua ataitoa wapi?

Nikaenda kwa fundi. Na huyu ndiye alinielimisha, wala hakunichaji. Akaniambia hii si kufuli ya netiweki kama zile simu za kutoka Marekani ambazo hukataa laini ya kampuni ingine. Hii yetu inakubali laini yoyote, kilichofungwa ni simu yenyewe. Kuna programu imekaa ndani kabisa, hata ukifuta kila kitu simu iwe kama mpya inarudi, ju IMEI yako, zile namba 15 unaona ukipiga *#06#, iko kwa orodha ya seva yao, ile kompyuta yao kuu, na simu ikipata intaneti inauliza, huyu amelipa? Seva ikisema bado, inafunga. Mtu wa kukutoa kwa hiyo orodha ni wao peke yao. Nikamuuliza kwani hakuna njia. Akasema kuna wanaobadilisha IMEI, lakini hiyo ni makosa, iko kwa sheria ya habari na mawasiliano, mathe usijiingize. Na mimi nikaona ni vizuri, sheria imelinda zile namba zisichezewe na fundi. Mwenye seva akizikalia baada ya kulipwa, huyo naye anashikwa na nani?

Mkurugenzi, kichwa kimoja cha rasta za knotless ni masaa matano, na mteja akikaa masaa matano anaongea, kwa hivyo usishangae msusi kukutajia sheria. Mteja wangu mmoja ni wakili. Aliniambia enzi za sofa na redio za kulipa pole pole, serikali iliweka Sheria ya Hire Purchase, Sura ya 507, na ndani yake imesema ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kukunyang'anya hivi hivi, lazima aende kortini. Theluthi mbili ya 26,225 ni kama 17,483. Mimi hapo nilifika siku ya 231. Sasa rudi kwa ile namba, 21,870. Kule Mwingi nilikuwa nimepita theluthi mbili zamani, nimepita hata bei ya Luthuli, na bado mtu aliye ndani ya ofisi Nairobi aliizima kwa sababu ya 130 bob bila kortini, bila hata kunipigia. Najua watasema hatujanyang'anya, simu iko kwa mfuko wake. Sofa ukiifunga kwa waya nisikalie si umechukua sofa?

Mteja mwingine dada yake anakaa Uingereza. Anasema huko tangu Desemba 2021 kampuni za simu zimekatazwa kuuza simu iliyofungiwa netiweki, na Kanada walianza mapema zaidi, Desemba 2017. Kufuli yao ni tofauti na yetu, sawa, lakini aliyewakataza ni mtu wa kiti kama chako.

Najua jibu ambalo utapewa na watu wako uniandikie. Deni ni mambo ya Benki Kuu, ndio wanaopeana leseni kwa wakopeshaji wa mtandaoni tangu kanuni za 2022. Netiweki nayo ukiuliza inasema sisi tunauza laini tu, duka linasema ongea na wenye mkopo, wenye mkopo wanasema ni sistimu. Nimezungushwa hiyo raundi yote. Nimekuandikia wewe ju simu haiingii sokoni Kenya bila kibali cha Mamlaka yako, na hiyo programu ya kufunga inauzwa ndani ya simu uliyoipa kibali. Na mambo ya IMEI nyinyi mnayajua. Mwisho wa Septemba 2012, wakati mlikuwa mnaitwa CCK, simu feki zilizimwa nchi nzima, nakumbuka ju simu ya shangazi yangu ilikuwa ndani. Halafu 2024 mkatangaza kwamba kuanzia Januari 2025 IMEI lazima ionyeshe ushuru umelipwa, hata kama korti baadaye iliizuia. Kwa hivyo ikifika ni kufunga mkono wenu unafika mpaka Mwingi. Mimi naomba ufike pia kwa kufungua.

Ninachotaka si kikubwa. Shilingi ya mwisho ikiingia, simu itolewe kwa orodha ndani ya siku moja, kabisa, isirudi, na mtu atumiwe meseji yenye IMEI yake imeandikwa umemaliza, aitunze kama tunavyotunza risiti ya karo. Wakichelewa walipe, ju mimi nikichelewa siku mbili nililipa kwa aibu. Na hata kama mtu ana deni la kweli, wasifunge M-Pesa ambayo ndio ya kulipia hilo deni, wala 999 na 112, kuna watu wanajifungua usiku. Bei yote ya mwisho iandikwe kwa karatasi kabla ya mtu kushika simu, Katiba yenyewe kifungu cha 46 inasema mteja ana haki ya kupewa habari anayohitaji. Na mambo ya kupandisha simu mtu asiambiwe hata neno moja kabla hajafunguliwa ile amemaliza kulipa. Mtu akiwa huru na akapenda kamera tatu, achukue, ni pesa yake. Mimi mwenyewe hizo kamera nilizitamani, sikudanganyi, picha za nywele zinatoka safi.

Ukiwa na mtu wa kunipigia asinipigie asubuhi kabla sijapewa kodi. Atume mtu Kenyatta Market, aulize Mama Kevo, kitabu cha malipo kiko kwa droo chini ya rasta.

Hii barua nimeiandika kwa simu ya Kevo, jioni mbili, na sasa amesimama hapa kwa mlango ananiangalia anataka kuenda nayo. Yake pia ni ya mkopo. Amebakisha siku 88.

Ni mimi,
Mama Kevo, msusi, Kenyatta Market, Nairobi