Kadi ya Pili ya Mahafali

Bremen, Ujerumani
8 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, kazi ipo, baridi bado haijafika, na mengine tuyaache. Najua Kitinda ndiye atakayekusomea kwa sababu ya ile miwani, kwa hiyo namwomba mapema asome yote kwa sauti bila kuruka aya, hata zile zitakazomfanya Baba Mdogo akohoe.

Ujumbe wa Baba Mdogo kuhusu mahafali ya kidato cha nne ya mdogo wetu Kitinda nimeupata. Ameniorodheshea shilingi 400,000: mchango wa shule, gauni na viatu, keki, mpiga picha, gari la kukodi, na kitu alichokiita "dharura". Sikatai kuchangia. Ila nilicheka peke yangu jikoni nilipokumbuka kwamba ada yangu katika shule hiyohiyo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kwamba kwa ajili ya hizo elfu ishirini nilirudishwa nyumbani mara mbili nikiwa kidato cha pili. Tangu Januari 2016 ada hiyo imefutwa, watoto wanasoma bila ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na sasa siku moja ya kuagana inadai mara tano ya ada yangu ya miaka yote minne. Halafu gari la kukodi ni la kutupeleka wapi, wakati kengele ya shule tunaisikia tukiwa barazani?

Lakini si fedha zilizonifanya nikae kuandika. Kadi za mwaliko za wazazi ni mbili, na nimesikia kwamba ya kwanza ni yako na ya pili ameshaichukua Baba Mdogo. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze, na ili nilizungumze vizuri lazima nirudi nyuma kidogo.

Huku, mtoto wa mwenye nyumba wangu alimaliza shule mwezi Juni. Walifanya mtihani, wakasubiri matokeo, wakapewa vyeti, ndipo wakavaa nguo za fahari na kucheza muziki hadi usiku wa manane. Nilipomweleza kwamba kwetu Tanzania mahafali hufanyika kabla ya mtihani, Septemba au Oktoba, na mtihani wenyewe unakuja Novemba, alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba harusi hufanyika kabla ya posa. Nilijaribu kumfafanulia, nikashindwa, kisha nikaelewa mwenyewe nikiwa njiani kwenda kazini. Siku ile kwetu hakuna daraja la kwanza wala sifuri. Yule anayeongoza darasa na yule ambaye hajui atapata nini katika hisabati wanapita mbele ya turubai moja, kwa mwendo mmoja, na akina mama wanapiga vigelegele sawasawa. Baada ya Novemba kila mtu anakwenda na namba yake. Ndiyo maana siku ile ni tamu, na ndiyo maana kunyimwa siku ile kunauma kuliko kufeli.

Unakumbuka mahafali yetu ya mwaka 2012, Mama. Mimi ndiye niliyesoma risala ya wahitimu, na ninaomba jambo hili lisisahaulike hapo nyumbani, kwa sababu nilipigiwa makofi mara tatu na mgeni rasmi akaomba nakala. Na kwa kuwa tumefika hapo, matokeo yetu yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima wakiwa na sifuri, serikali ikayafuta na kuyapanga upya, mimi nilikuwa na daraja la pili tangu orodha ya kwanza. Sisemi kwa majivuno. Nasema kwa sababu Baba Mdogo hupenda kuwaambia wageni kwamba niliokolewa na ule upangaji upya.

Risala ile niliiandika kwa siku nne. Nilifuata utaratibu wote: salamu kwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, bodi, walimu na wazazi, historia fupi ya darasa, mafanikio, changamoto, maombi. Katika historia niliandika kwamba tulianza kidato cha kwanza mwaka 2009 tukiwa 112 na siku ile tulikuwa tunahitimu 74. Kisha nikaandika aya moja kuhusu wale 38: nani walikwenda kuchunga, nani walishindwa ada, nani waliolewa, na nani, kama Dada, waliondolewa kwa sababu ya ujauzito. Sikuandika majina, wala sikulaumu mtu. Niliandika tu kwamba nao walikuwa wenzetu, na kwamba tulikuwa tunawaaga pia.

Mwalimu aliyepewa kazi ya kuipitia risala alikata aya yote kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, akaandika pembeni maneno matatu: "kwa sababu mbalimbali". Nikayasoma hivyohivyo. "Tulianza tukiwa wanafunzi 112, leo tunahitimu 74, wengine wakiwa wameshindwa kuendelea kwa sababu mbalimbali." Sauti haikutetemeka, na watu wakapiga makofi.

Jambo ambalo sijawahi kukwambia ni hili. Katika maombi tulikuwa tumeomba uzio, kwa kuwa shule ilikuwa wazi upande wa barabara. Nilipoinua macho nikiwa katika mstari wa uzio, nilimwona Dada amesimama palepale ambapo uzio ulitakiwa kuwa, mtoto mgongoni, kitenge kile cha bluu. Alikuwa amekuja kutuangalia. Tulianza kidato cha kwanza pamoja, yeye na mimi, tukikalia dawati moja kwa sababu madawati yalikuwa machache. Hisabati alinifundisha yeye, na hilo daraja la pili ninalolisema kwa sauti kubwa lina mkono wake ndani. Wewe na Baba Mdogo mlikuwa safu ya pili chini ya turubai. Ulikuwa umempa mgongo, Mama, na sijawahi kukuuliza kama ni viti vilivyopangwa hivyo. Keki ilipoanza kukatwa nikatazama tena, hayupo.

Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida, nilimpigia simu usiku uleule. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mwanawe yuko darasa la nne, ana daftari za kusahihisha. Leo huyo mtoto yuko darasa la saba na anafanya mtihani mwezi huu. Naye Dada, alipotaja mwaka jana kwamba anafikiria kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kuna mtu alicheka mezani. Sitamtaja; yumo humo sebuleni, na nadhani sasa hivi anakohoa.

Simchukii Baba Mdogo. Baba alipofariki alisimama nasi, na alipouza ng'ombe wake ili mimi niende kidato cha tano hakuniambia hadi nilipomaliza. Lakini katika kikao kile cha mwaka 2011 kuhusu ujauzito wa Dada, yeye ndiye aliyesema habari za jina la ukoo, na sisi wengine wote tukatazama mkeka. Sasa anasema anahitajika chini ya turubai kwa sababu ataombwa kutoa neno kwa niaba ya wazazi. Neno la nini? Ni nani aliyeshona sare za Kitinda, zote, tangu kidato cha kwanza, kwa cherehani ile ya miguu? Ni nani aliyekwenda kwenye vikao vya wazazi mwaka ule ulipolazwa, akikaa nyuma kabisa ili walimu wa zamani wasimtambue? Dada ndiye aliyembeba mtoto huyu katika miaka minne hii, nasi tunataka siku ya kumvua sare abaki nyumbani akiosha masufuria ya wageni.

Kitinda, sasa nasema na wewe. Umeniomba nikuandikie risala kwa kuwa umechaguliwa kuisoma. Hongera, mdogo wangu. Nilipopata habari hiyo niliwaonyesha wauguzi wenzangu picha yako kana kwamba umeteuliwa waziri. Lakini sitakuandikia. Ukiniachia mimi itakuwa ni ile ya mwaka 2012, na wewe una mambo yako. Nenda kwa mwalimu wa darasa, mwombe rejista ya kidato cha kwanza ya mwaka 2021, uhesabu majina. Wale ambao hawapo leo, uliza mmoja mmoja yuko wapi. Usiandike "kwa sababu mbalimbali". Wakikata, mwombe aliyekata akueleze sababu, kwa adabu, ukiwa umesimama. Mimi sikuuliza. Kuhusu kuandikiana mashati baada ya karatasi ya mwisho, najua walimu hawapendi, wanahofia fujo, lakini kama mtaandikiana, chagueni kalamu isiyofutika. Shati langu ninalo hapa kabatini. Majina ya mgongoni yamefifia yote isipokuwa matatu, na kuna jioni ninalitoa na kulinusa kama mjinga, ingawa halinuki kitu ila sabuni ya huku.

Mama, kuna jambo lingine ambalo nilikutumia picha yake tu bila maneno. Mwaka jana nilipomaliza mafunzo ya uuguzi, miaka mitatu, darasa letu lilinichagua mimi kusoma hotuba ya kuagana, kwa Kijerumani, mbele ya walimu na wazazi wa wenzangu. Mimi, mweusi pekee katika chumba kile. Walisimama kunipigia makofi. Wenzangu kila mmoja alikuwa na watu wake safu ya mbele, na wangu walikuwa viti viwili nilivyoviombea vibaki wazi, kwa jeuri tu, mpaka mzee mmoja akaja kukalia kimoja kwa kuwa mguu ulikuwa unamuuma.

Basi, nimeamua hivi. Ninatuma shilingi 250,000. Mchango wa shule ulipwe wote, viatu vinunuliwe, mpiga picha aitwe. Gauni atashona Dada, na alipwe kama fundi yeyote anavyolipwa. Keki iwe ndogo. Gari halitakuwepo. Fedha zitaingia kwenye simu ya Dada, si ya Baba Mdogo, na Kitinda atamwomba Baba Mdogo arudishe kadi ya pili leo, kabla chai haijapoa, akimwambia kwamba ni mimi niliyesema na kwamba namheshimu. Kama anataka kutoa neno, turubai haina mlango, na upande wa barabara bado uko wazi.

Msalimie Bibi. Mwambie Dada kadi hiyo aivalie kile kitenge cha bluu, kama bado anacho.

Mwanao