Anayekula githeri kibandani, je, bajeti anaisoma?

MHARIRI,

Uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027 bado haujafika, lakini wanaotaka viti wamekwisha kuingia mitaani. Wanakula githeri vibandani, wanasukuma mikokoteni sokoni, wanajifunga leso na kujiita watoto wa mama mboga. Wananchi wanawapenda, na si ajabu, kwa kuwa waheshimiwa wengi wamezoea kupita vioo vya magari vikiwa vimefungwa. Kupendwa kwao hakunikeri. Kinachonikera ni kwamba tukishampenda mtu hatumuulizi tena kama kazi anayoiomba anaiweza.

Tuichukue kazi ya mwakilishi wadi, maana wawakilishi wa wadi 1,450 za nchi hii ndio walio karibu nasi zaidi, na ndio tunaowachagua bila kuwapima. Kifungu cha 185 cha Katiba kinalikabidhi bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria na kuisimamia serikali ya gavana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 9, inamtaka mwakilishi awe karibu na wananchi na awasikilize, kwa hiyo ukaribu si upuuzi. Lakini kifungu hicho hicho kinamkataza kujiingiza katika utekelezaji. Kulipia mazishi na kununulia timu ya mpira jezi hakumo popote.

Kazi yenyewe ina kalenda, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha inafuata kufikia 28 Februari, na bunge lina siku 14 tu za kuijadili na kuipitisha. Makadirio ya bajeti yanaletwa kufikia 30 Aprili na kupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuisha tarehe 30 Juni. Mama mboga akimlalamikia mwakilishi wake mwezi Mei kuwa soko halina mtaro, mwakilishi akaitikia kwa huruma yote, amechelewa kwa miezi minane. Mtaro ule ulipaswa kuwa kwenye mpango wa Septemba, ukiwa na jina la mahali, urefu na gharama. Usipokuwa mle, kuuingiza baadaye ni kupigania pesa ambazo tayari zina mwenyewe.

Anayeijua kazi hii hufungua kwanza ukurasa wa mapato. Kila kaunti hupata mgao kutoka Hazina Kuu (mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti zote 47 zilitengewa shilingi bilioni 415), kisha huongeza mapato yake yenyewe: ada za maegesho, leseni za biashara, kodi ya ardhi, ada za hospitali. Mgao huo kaunti haiwezi kujiongezea. Mapato yake yenyewe ndiyo yanayochezewa. Tuseme kaunti imekusanya shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitatu mfululizo, kisha serikali yake ikaandika kuwa mwaka ujao itakusanya bilioni 2. Hizo milioni 800 zilizoongezwa zinagawanywa kuwa barabara, visima na madarasa ya chekechea, kila wadi inapata kitu, na bunge zima linashangilia. Wakandarasi wanapewa zabuni na wanachukua mikopo ya benki. Mwaka unapoisha pesa hazikuja. Mishahara imelipwa kwanza, na aliyeachwa bila kulipwa ni mkandarasi. Deni lake linasukumwa hadi bajeti inayofuata na kula miradi mipya. Madeni ya wakandarasi yanayozidi kulimbikizana katika kaunti zetu chanzo chake kimojawapo ni hiki, na dawa yake ni mtu wa kusimama bungeni mwezi Mei akauliza: mwaka jana mlikusanya ngapi, na ni kitu gani kimebadilika? Swali hilo halina makofi. Linaweza hata kumfanya achukiwe kwao, kwa sababu jibu la kweli huenda likaondoa kisima cha wadi yake.

Zahanati nazo ni vivyo hivyo. Mwakilishi mpendwa wa watu anaahidi zahanati, inajengwa, utepe unakatwa, kisha mlango unafungwa kwa kufuli mwaka mzima. Jengo lilipangiwa pesa za maendeleo, lakini muuguzi hulipwa kutoka matumizi ya kawaida na huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na kaunti ikishapita kiwango hicho, kuajiri ni vigumu. Kabla ya kupitisha jengo, mwakilishi anapaswa kuonyeshwa fungu la wauguzi, la dawa, na la maji na stima. Kisima kikichimbwa bila kupangiwa pampu, sola, tangi na mtu wa kukitunza, nacho kitafunikwa tu.

Wapo watakaosema suluhisho ni shahada. Mimi sikubali. Gavana anatakiwa kisheria awe na shahada, na bado ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hazijakosa dosari mwaka hata mmoja. Kwa wawakilishi wadi, Mahakama Kuu iliamua Oktoba 2021 kuwa sharti hilo linakiuka Katiba, na naona uamuzi huo ulikuwa wa haki. Karani wa chama cha akiba na mikopo anayejua kulinganisha hesabu za miaka miwili anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mwenye shahada mbili asiyefungua kabrasha.

Na Nairobi imetuonyesha upendo wa watu unafika wapi. Mike Sonko aliingia ofisini kama gavana wa Nairobi 2017 akiwa na sifa ya magari ya maji na ya wagonjwa aliyowapa watu wa mitaa ya chini, na walionufaika hawakudanganywa, maji waliyapata. Lakini gari la maji la mtu binafsi halihitaji idhini ya Msimamizi wa Bajeti, afisa wa kitaifa anayeidhinisha kutolewa kwa pesa za umma, ilhali senti ya kaunti haitoki bila idhini hiyo. Naibu wake alijiuzulu Januari 2018, na kiti kikakaa wazi karibu miaka mitatu. Februari 2020 majukumu manne, afya ikiwemo, yalikabidhiwa serikali kuu. Bunge la kaunti lilimtimua Sonko tarehe 3 Desemba mwaka huo, na Seneti ikaidhinisha tarehe 17. Mjini ambako mabomba na hospitali zinahitaji mtu wa kuketi na mafaili kila siku, miaka hiyo ilipotea.

Basi mwombaji kiti akija barazani, mpeni chai, mcheke naye, kisha mpeni ukurasa wa wadi yenu kutoka makadirio ya mwaka huu. Aonyeshe mradi ulioandikwa "ukarabati" bila kutaja mahali, na aeleze kwa nini hilo ni hatari. Aseme fungu lipi litapunguzwa ili ahadi yake ilipwe. Akiahidi madarasa ya sekondari au kituo cha polisi, mwambieni hayo ni ya serikali kuu. Akiahidi basari, aeleze atafanyaje, kwa kuwa mwaka 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu kabla ya kuzitoa.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa wenzako wa redio za mashinani: kipindi cha wagombeaji kisiwe cha salamu na vijembe pekee. Wawekeeni ukurasa huo mezani na muwape dakika kumi wausome hewani. Bajeti ni waraka wa umma, na nakala inaombwa kwa karani wa bunge la kaunti.

Mpiga kura,
Voi